Chungu cha Ngosha

Nianze na la aibu, ili msije mkacheka mno huko katikati: ndani ya chungu kile mlikuwa na insulini ya mtoto. Sisi hatukujua. Kijiwe chetu kipo hapa Chapwa, Tunduma, mkabala na duka la dawa. Ni benchi moja tu la mbao, na mimi fundi viatu nakaa mwishoni na sindano yangu. Ilikuwa Julai ya mwaka 2011, baridi ile ya huku kwetu ya kuvaa makoti mawili. Mama Fides, muuza kahawa, ndiyo kwanza alikuwa ameinjika birika, limejaa hadi mdomoni. Ngosha akatoka duka la dawa na chungu chake, kimefungwa kitambaa kinachochuruzika maji. Ni Msukuma, mfugaji wa huko bondeni Momba kwenye joto, na kila mwezi anapanda huku na lori la mpunga, amekikumbatia chungu kile kile kama kichanga. Akakiweka benchini.

— Naomba mniangalizie, wakubwa. Naenda kuulizia lori. Msikifungue tu.

Hatukukifungua. Kwa hilo tusilaumiwe. Ila Mama Fides alipoona kitambaa kinavyotiririka, huruma ikamshika.

Mama Fides: Jamani, mzigo wa mtu umelowa chapachapa na baridi yote hii!

Akakivua kitambaa, akakianika ukutani, na chungu akakisogeza hadi kikagusa jiko la mkaa. Huku kwetu ndivyo mgeni anavyotunzwa: yeye na mzigo wake wanapewa moto kwanza, maneno baadaye. Hakuna aliyeona kosa. Mimi mwenyewe nilimwambia asogeze zaidi.

Kwacha akainama kukitazama. Jina lake hasa ni Luka, lakini anabadilisha fedha hapo mpakani na Zambia, basi Kwacha.

Kwacha: Humu mna kitu, nyie. Mtu hawezi kutembeza chungu kila mwezi toka Momba bure bure.

Dokta: Labda maziwa.

Huyo Dokta ni Amoni. Aliwahi kufagia zahanati miaka miwili, na tangu hapo hakuna ugonjwa asioujua.

Kwacha: Maziwa unayaingiza duka la dawa? Awe!

Akikataa jambo, Kwacha hukataa kwa Kibemba, mazoea ya kubishana bei na Wazambia.

Kwacha: Hiyo ni zebaki. Anawapelekea wachimba dhahabu wa Saza.

Mimi: Na duka la dawa anafuata nini?

Kwacha: Mizani! Pale wanapima mpaka unga wa kidonge.

Dokta: Hujui kitu. Mimi nimekaa zahanati...

Mimi: Ukifagia.

Dokta: Nikifagia, ndiyo, na masikio sikuyaziba. Kile ni kiumbe. Nyoka mdogo, mweupe, anaishi kwenye ubaridi. Ukimtunza, ng'ombe wako wanazaa mapacha.

Mama Fides: Sasa mbona ng'ombe wake wanaisha? Dereva wa lori kaniambia. Alikuwa nao ishirini na watatu, wamebaki sita.

Hapo tukashusha vikombe. Ng'ombe kumi na saba! Msukuma auze ng'ombe kumi na saba, na wala hajajenga nyumba ya bati, wala hajanunua pikipiki!

Kwacha: Basi ndiyo mjue humu mna kitu kizito. Kitu kinachotoa ng'ombe kumi na saba kwa Msukuma, mimi nakivulia kofia.

Akaivua kweli. Mama Fides akatumiminia tena.

Dokta: Nyoka anawala!

Mama Fides: Kwenye kachungu kadogo hivi?

Dokta: Anakula vivuli vyao. Ng'ombe asiye na kivuli haishi wiki.

Kwacha: Awe, awe! Ni jiwe lililoanguka toka juu mbinguni. Jiwe la namna hiyo likikauka linaunguza kijiji. Ndiyo maana analilowesha.

Mama Fides: Nyamazeni! Linalia!

Tukasogeza masikio. Kweli bwana, mle ndani kulikuwa na kasauti, tsss, kembamba, kama ka kitu kinachopumua. Tukaruka nyuma wote wanne. Mwili ulinisisimka, sitaki kuwaficha. Tukabaki tunakitazama kwa mbali kile chungu pale jikoni, tunakunywa, tunanong'ona, na hakuna aliyethubutu kukigusa.

Ngosha aliporudi hakupiga kelele. Afadhali angetutukana. Alipiga magoti, akakivuta chungu kwa mikono mitupu, akachimbua mchanga uliokuwa unafuka mvuke, akatoa vichupa viwili vidogo. Nilitegemea jiwe, nilitegemea nyoka. Vichupa viwili, vinaenea kiganjani.

Ngosha: Nani kakiweka hapa?

Mama Fides: Mimi, baba. Nilikiona kimelowa.

Ngosha: Hii ni insulini, mama. Ya binti yangu, Nyanzobe. Ana kisukari, ana miaka kumi na minne. Kwetu ni joto, umeme hakuna. Nesi ndiye alinifundisha: chungu, mchanga mbichi, kitambaa kilowe wakati wote. Hata usiku naamka kukimwagia maji.

Mimi: Miaka mingapi unafanya hivyo?

Ngosha: Mitano.

Dokta: Na wale ng'ombe?

Ngosha: Ndiyo hii. Hospitali dawa mara ipo, mara haipo, na mtoto hawezi kusubiri ifike. Pesa ya mtamba mmoja nikiibana inakwenda miezi mitatu na kitu. Chupa, sindano, nauli.

Kwacha: Lakini Ngosha, binti ndiye wa kukuletea ng'ombe siku ya mahari!

Ngosha: Wenzangu wananicheka hivyo hivyo. Wanasema nimemlipia mahari binti yangu mwenyewe. Nawajibu ndiyo, nimelipa ili abaki.

Jamani. Nimekaa kijiweni miaka kumi na miwili, nimesikia watu wakisifiwa kwa magari, kwa maghorofa, kwa wake watatu. Sijawahi kumwona mtu mkubwa kama yule aliyepiga magoti kwenye majivu ya Mama Fides.

Kelele zetu ziliposimama ghafla, Restuta wa duka la dawa akavuka kuja kuona kuna nini. Akavichukua vichupa, akavielekeza kwenye mwanga.

Restuta: Kwa macho siwezi kujua. Ikipata moto inaharibika, na sura inaweza isibadilike. Imekaa jikoni muda gani?

Swali dogo tu. Sisi tunaojua nani atashinda uchaguzi Lusaka, sisi tuliojua nyoka anakula vivuli, hakuna aliyekuwa ameangalia saa. Mama Fides akanyanyua birika, akaligeuza juu chini. Halikudondosha hata tone.

Restuta: Lilikuwa limejaa?

Mama Fides: Hadi mdomoni.

Restuta akavifumbata vichupa.

Restuta: Hivi hapana, baba. Asichome.

Ngosha: Nyumbani imebaki ya siku mbili. Na mimi nimebakiwa na nauli tu.

Mama Fides akaanza kulia. Kwacha akafungua mkoba wake wa kiunoni, ule ambao huwa haufungui mpaka uweke zako mezani kwanza, akasema, "Restuta, twende dukani." Mimi nikatoa zangu, Dokta akatoa, Mama Fides akakung'uta kopo lote la mauzo, zikatosha vichupa viwili vipya. Dokta ndiye aliyekimbia kwa mafundi ujenzi kuomba mchanga mpya, na kitambaa tulikilowesha wenyewe kwenye ndoo ya kuoshea vikombe, maji ya kukata vidole.

Lori likapiga honi. Ngosha akatutazama mmoja mmoja, kisha akampa Kwacha chungu amshikie wakati anapanda. Kwacha! Baada ya yote yale, akampa. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, na lile lilikuwa likisogea kidogo, likisimama, Ngosha akisaka pa kukaa juu ya magunia. Kwacha alilifuata kwa mguu, chungu kifuani, maji yakimwingia mikononi hadi viwiko.

Nikamwambia: Kiweke chini kidogo, bwana, utaganda.

Hakunitazama.

— Awe, akasema.