Toleo la Tisa

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu walikaa watu wawili wasiojuana: kijana mwenye duka la michezo ya video na mkunga mstaafu. Kijana alikuwa kwenye simu, akiagiza toleo la tisa la mchezo wa mbio za magari, mara mkunga akamshika mkono.

"Mwanangu, usiagize. Mchezo huo naucheza tangu toleo la kwanza. Sasa eti dereva anashuka garini, analima bustani! Nani atanunua?"

Nikajifanya nasoma gazeti.

"Mama, la nane hawakubadilisha kitu," kijana akajibu. "Wateja wakasema ni lile lile la saba, limevishwa shati jipya. Limenidodea mpaka leo."

"Mimi nililinunua."

"Peke yako, mama."

Mkunga akanuna vituo viwili vizima. Nasi majirani tuliokuwa tumetega masikio tukanuna naye.

Treni ilipopunguza mwendo, akainuka, akamwinamia kijana.

"Hilo la tisa, niwekee moja."

"Si umesema halifai?"

"Halifai kabisa. Lakini nitalisemaje vibaya bila kulicheza?"

Milango ikafunguka, akashuka kabla hajajibiwa.