Etiye Asnakech, Mlinzi wa Printa, na Kikombe cha Tatu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mama yetu Weyzero Asnakech Demissie, ambaye sote humwita Etiye, yaani dada mkubwa, msimamizi wa mitambo ya ofisi hapa Maabara ya Wolela, anastaafu rasmi tarehe 30 ya mwezi wa Sene. Jarida letu limempa ukurasa mzima. Yeye mwenyewe amekwisha kuuliza ukurasa huo utachapwa kwenye mashine ipi, na nani atasimama karibu wakati unatoka.

Aliajiriwa mwaka 1986 wa kalenda yetu ya Kihabeshi kama mpiga chapa, enzi za stensili na ule mtambo wa kuzungusha kwa mkono. Wakongwe wanasema vidole vyake vilikuwa vyeusi hata sikukuu ya Meskel, akaacha alama za wino kwenye mkate wa injera wa wote, na wenzake wakawa wanafumba midomo kila alipotaka kuwalisha tonge. Anakanusha. Anasema wino ulikuwa wa mtu mwingine.

Zikaja mashine za fotokopi, kisha printa kubwa zenye diski ndani. Uongozi ukampeleka kusomea namna ya kuzitunza, na hapo ndipo tulipompoteza yule Etiye tuliyemzoea. Alirudi akiwa na macho ya askari wa zamu.

"Kila mnachoweka hapa, hii inakipiga picha," alitutangazia. "Wewe unaondoka na karatasi yako, yeye anabaki na picha tumboni."

Tulimcheka sana. Bwana wetu wa uhasibu, Ato Wondwosen, akamwambia, "Basi Etiye, hebu iulize niliacha wapi miwani yangu."

Hakujali. Akaweka namba za siri. Tangu siku hiyo karatasi haitoki mpaka mwenyewe asimame mbele ya printa na kubonyeza namba yake. Mkuu wetu, Daktari Lemma, alisahau ya kwake karibu kila Jumatatu, na kila Jumatatu alisikika kwenye korido akibembeleza: "Etiye, nihurumie, watu wananingoja." Naye humjibu kwa heshima zote: "Pole, daktari. Hata mimi siijui. Njoo tuweke mpya, na hii isiwe siku aliyozaliwa mbwa wako."

Kwa kazi yake hiyo alijua nani anachapa kadi za harusi kwa wino wa maabara, na nani anatafuta kazi kwingine. Wondwosen alipochapa barua ya maombi kwenda benki, Etiye alimuuliza tu kama huko wana karatasi zao. Wondwosen bado yuko nasi.

Lakini kilichomfanya ajulikane jengo zima ni kahawa. Mashine yoyote kuukuu, kabla ya kuuzwa, ilifanyiwa naye kitu ambacho sisi tulikiita msiba. Alitandaza majani mabichi sakafuni, akakaanga kahawa mbele ya printa, na kufuta kukaenda pamoja na vikombe. Wakati wa abol, kikombe cha kwanza, alifuta majina na anwani. Wakati wa tona, kikombe cha pili, alifuta orodha ya kazi zote zilizopita. Wakati wa baraka, kikombe cha tatu, ndipo alipoiamuru mashine iandike takataka za tarakimu juu ya diski nzima, mpaka picha za zamani zisisomeke tena. Kazi hiyo ya mwisho huchukua saa nzima, ndiyo maana baraka yake ilikuwa inapoa.

"Kufuta orodha ni kubandua majina kwenye makopo," alikuwa akisema. "Pilipili ya berbere bado imo ndani."

Miaka minne iliyopita tuliuza mashine ya ghorofa ya pili, ile tuliyoiita Nigist, malkia, kwa sababu ilikula umeme na haikutaka kuguswa. Mnunuzi alikuwa Ato Fikadu, mwenye duka la fotokopi kule Arat Kilo. Mashine hiyo ilikuwa imehifadhi majibu ya vipimo vya wagonjwa wetu wa miaka mingi. Na wiki ileile mfanyakazi mmoja wa mapokezi alikuwa ametoa humo nakala ya majibu yake mwenyewe. Nyumbani kwao hawakuwa wanajua. Jumapili wazee wa upande wa mchumba walitarajiwa kuja kumposa, na duka la Fikadu liko mtaa mmoja na nyumbani kwa mchumba huyo. Zaidi ya hayo, Fikadu ana mpwa anayependa kufungua diski kuukuu ili aone zina nini.

Tuseme ukweli, siku ile Etiye naye alichangia. Baada ya tona aliingia jikoni kuteta na watu kuhusu bisi: nani alitia chumvi badala ya sukari. Ato Sintayehu, meneja utawala, alikuwa mgeni kazini na lori la mnunuzi lilikuwa likipiga honi getini. Alitazama kioo cha mashine, akaona orodha tupu. "Imeshafutwa hii. Jamani, beba!" Wapagazi wakabeba.

Etiye alitoka jikoni na bakuli la bisi, akakuta majani na nafasi tupu. Dirishani lori lilikuwa linakata kona. Yule wa mapokezi alikuwa ameshika kikombe chake, na kikombe kinagongana na kisosi hata kahawa inamwagika. Etiye alikitazama kikombe. Uso hakuutazama.

"Watu gani nyie mnaondoka kabla ya baraka!" alifoka, akanyakua jebena, birika lake la kahawa, kama lilivyo na moto wake, shali la netela likipepea nyuma, akateremka ngazi. Dereva wa teksi aliyempakia bado husimulia habari za mama aliyepakata birika la udongo njia nzima na kumgombeza kwa kila breki.

Dukani Ato Fikadu alimzuia mlangoni. "Mama, mimi nimenunua mashine, sikununua sherehe."

"Mashine ni yako, baba. Vilivyomo tumboni si vyetu hata tukuuzie. Chomeka umeme."

Akachomeka. Mtu yeyote angechomeka. Saa nzima Etiye alikaa juu ya boksi la karatasi katikati ya duka, huku wanafunzi wa chuo wakisubiri kurudufu tasnifu zao, naye akiwamiminia baraka kwenye vikombe vya plastiki na kuwauliza kwa nini wamekonda. Mpwa wa Fikadu alipewa mara mbili, ili mikono yake iwe na shughuli. Nigist alipotoa karatasi ya kuthibitisha kwamba diski yote imefutwa, Etiye aliikunja, akamshukuru mwenye duka, akarudi. Alipita mapokezi bila kusimama. "Imekwisha," alisema, akaenda kuendeleza ugomvi wa bisi.

Mfanyakazi yule wa mapokezi ni mimi ninayeandika.

Ugonjwa wenyewe sitautaja. Jasho lote la mama huyu lilikuwa la kunipa haki ya kutoutaja. Wazee walikuja Jumapili ile, nikawaomba wasubiri kidogo, na mchumba wangu nilimwambia mwenyewe, kwa kinywa changu, siku niliyoichagua mimi. Alilia, nami nikalia. Leo ni mume wangu, na ndiye aliyesahihisha makosa ya ukurasa huu.

Etiye Asnakech, kwa niaba ya wote waliowahi kuweka karatasi kwenye mashine zako wakaenda kulala usingizi, ahsante. Tunakutakia afya, miguu yenye nguvu, wajukuu wenye siri ndogondogo, na bisi zenye sukari. Sherehe ni saa tisa alasiri, ghorofa ya pili. Abol atamimina Daktari Lemma, kama atakumbuka njia. Tona ni ya Ato Sintayehu, aliyeomba mwenyewe. Baraka nitamimina mimi, na safari hii mikono haitetemeki. Usithubutu kuondoka kabla yake.