Mama Doreen na Paa la Gari la Oldeani

Wasikilizaji wapendwa, poleni na shughuli za kutwa. Mlioko jikoni, mlioko dukani, mnaorudi shambani, sogeeni karibu na redio. Jioni hii tunamkumbuka mwanamke wa hapa hapa Karatu. Jina lake Lukresia Emilian. Wengi mlimwita Mama Doreen, fundi wa turubai, yule wa nyuma ya soko.

Mama Doreen alifariki Jumanne iliyopita kwa maradhi ya moyo. Amezikwa kwao Rhotia.

Alishona mahema ya kambi za watalii. Alishona viti vya magari. Mvua ikichana turubai la lori lako la mahindi, ulimpelekea yeye. Lakini mimi nataka kuwasimulia kazi moja tu, ile ya kushona paa la gari la kizamani la Oldeani. Nimesimuliwa na binti yake, Doreen, na pia na mwenye gari, mzee Clemensi. Wameniruhusu niseme yote, hata yale ambayo mtu angeona haya kuyasema redioni. Doreen aliniambia, "Sema tu. Mama mwenyewe alikuwa anayasimulia."

Kwanza, wasikilizaji, mjue kwamba Mama Doreen alikuwa mwoga. Sisemi kwa dharau. Alikuwa na sababu.

Zamani aliishi Oldeani na mumewe, Emilian. Shamba lao lilipakana na msitu. Walilima mahindi na maharage kama wengi wenu. Msimu mmoja mahindi yalikuwa yamekomaa, na Emilian alikuwa kwenye kibanda cha kulindia. Alfajiri tembo wakaingia shambani. Majirani wanasema kama angetulia mle kibandani, huenda wangempita. Lakini nani anatulia? Emilian alitoka mbio. Tembo mmoja akamfuata.

Lukresia aliyasikia yote akiwa nyumbani. Doreen alikuwa mtoto wa mgongoni.

Baada ya matanga akaondoka Oldeani. Shamba akawaachia shemeji zake. Akaja hapa mjini, akajifunza kushona turubai, akapanga chumba nyuma ya soko. Na hakurudi Oldeani tena. Hata shemeji yake alipofariki, hakwenda kuzika. Watu walimsema sana kwa hilo. Wengine walimcheka. Doreen anasema, "Lori la kahawa likipita kuelekea Oldeani, mama aligeuza kiti. Alishona akiwa ameipa barabara mgongo."

Sasa tuje kwa mzee Clemensi.

Mzee Clemensi alikuwa dereva wa watalii kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Huko Oldeani, kwenye banda la shamba moja la kahawa, alipata gari la kizamani. Gari la michezo, la viti viwili, lililoletwa na walowezi enzi za ukoloni. Lilikuwa chini sana. Ukikaa ndani, ni kama umekaa kwenye kigoda. Injini aliifufua mwenyewe. Ila paa halikuwapo. Gari lile lilikuwa na paa la turubai, la kukunja, na panya walikuwa wamelila.

Pembeni nako hakukuwa na vioo vya kupandisha. Zilikuwapo fremu za chuma zilizovishwa turubai, katikati plastiki ya kuonea nje. Mvua ikija unazichomeka mlangoni. Mama Doreen aliziita madirisha ya turubai. Nayo yalikuwa yameoza, yamebaki mafupa.

Na mzee Clemensi alikuwa na haraka. Binti yake, Dorkasi, alikuwa anaolewa mwezi wa nne, katikati ya masika. Alikuwa amemwahidi kumpeleka kanisani na gari lile. Bibi harusi, masika, gari halina paa! Mnaona wenyewe.

Akaja nyuma ya soko na gunia la vipande vilivyobaki. Akavimwaga mezani.

"Mama Doreen, utaweza?"

"Nitaweza. Lilete gari hapa."

"Haliji. Matairi bado sijapata. Liko juu ya matofali, kule kule Oldeani."

Mama Doreen akaweka mkasi chini. "Baba Dorkasi, tafuta fundi mwingine."

Akatafuta. Fundi mmoja akataka kushona kwa kukisia, bila kuliona gari. Mwingine hakutaka kabisa. Baada ya wiki, mzee Clemensi akarudi, safari hii pamoja na Dorkasi. Binti hakubembeleza. Alisema tu, "Mama, mimi mama yangu hayupo. Siku hiyo nina baba na hilo gari."

Mama Doreen alimtazama. Kisha akasema, "Nitakwenda mchana. Jua likianza kuinama mnikute barabarani, narudi."

Doreen alimkataza. Walikosana siku ile. "Nilimwambia, mama, unafuata nini kule? Akaniambia, usinipe maneno, nipe koti."

Aliyempeleka ni kijana wa bodaboda anayeitwa Metui. Nilimpigia simu jana. Alisema hivi: "Yule mama alinishika kiunoni mpaka nikakosa pumzi. Tulipofika penye msitu nikamwambia, mama, tulia, hamna kitu. Akasema, wewe endesha, usinisemeshe. Alifumba macho njia nzima."

Bandani alifanya kazi akiwa ameupa ukuta mgongo na kuukabili mlango. Tawi likivunjika huko nje, sindano inasimama. Kuku akiparuza majani, sindano inasimama. Mzee Clemensi alijifunza kupiga mluzi kila anapotembea, ili mama ajue ni yeye.

Alifumua vipande vya zamani uzi kwa uzi. Akavilaza juu ya karatasi ngumu, akachora, akakata turubai jipya kwa kufuata mchoro. Akashona. Wakalivuta juu ya vile vyuma vilivyopinda vinavyobeba paa. Mbele likashika. Nyuma likagoma. Lilipungua kama upana wa kiganja.

Mama Doreen akakaa chini sakafuni. Alikuwa ameelewa kosa lake. Turubai lile la zamani lilikuwa limesinyaa kwa jua na mvua ya miaka yote ile, naye alikata kwa kulifuata. Ilikuwa lazima kuanza upya. Na kuanza upya maana yake kurudi Oldeani.

Mzee Clemensi anasema, "Alilia. Nikadhani analilia turubai. Kumbe ni ile njia."

Lakini alirudi. Alirudi na kurudi. Safari hii akapima kwa kamba juu ya vyuma vyenyewe. Paa la pili likakaa. Mzee Clemensi alilipiga kwa vidole, likalia kama ngoma. Madirisha ya turubai nayo yakaingia mahali pake, na matairi yakafika. Kazi ikawa imekwisha.

Siku hiyo ya mwisho, wasikilizaji wapendwa, mvua ilianza mchana. Udongo mwekundu wa Oldeani mnaujua. Metui akapiga simu kwamba pikipiki haipandi. Mama Doreen alikuwa na mawili: alale Oldeani, au ashuke Karatu ndani ya lile gari. Kulala Oldeani hakuweza hata kulifikiria. Akaingia kwenye gari.

Ukungu ulikuwa umeshuka. Walipofika penye msitu hawakuona hata hatua chache mbele. Mzee Clemensi aliendesha polepole. Ghafla akakanyaga breki.

Tembo walikuwa wanavuka barabara. Mmoja, wa pili, mama na mtoto. Mzee Clemensi akazima injini, kama alivyozoea kazini. Wakavuka wote. Wakamshukuru Mungu kimya kimya.

Kisha upande wa Mama Doreen kukawa giza.

Ile plastiki ya dirisha iliziba kwa ngozi. Dume moja lilikuwa limebaki nyuma, na sasa lilisimama ubavuni pa gari. Gari lenyewe lilimfika chini ya tumbo. Walimsikia akipumua. Mkonga ukapita juu ya paa, taratibu, ukipapasa. Paa likabonyea mpaka likawagusa vichwa. Vifungo vinavyoshika paa kwa nyuma vikaanza kuachia kimoja kimoja. Ta! Ta! Ta!

Mzee Clemensi akashika kifungulio cha mlango.

"Mama Doreen, tukimbie."

"Usitoke."

"Anatuua huyu! Toka upande wangu, tukimbie!"

Mama Doreen akamkamata mkono. Akamwambia kwa sauti ndogo, "Baba Dorkasi, Emilian alikimbia."

Mzee akaachia mlango.

Mkonga ukashuka ubavuni. Ukalishika lile dirisha la turubai, ukalichomoa kama mtu anavyochomoa karoti, ukalitupa. Sasa kati ya Mama Doreen na tembo hapakuwa na kitu. Ukungu ukaingia. Ncha ya mkonga ikaja mpaka kwenye kanga yake, ikanusa. Doreen anakumbuka mama yake akisema, "Pumzi yake ilikuwa ya majani mabichi. Ilikuwa ya moto. Nikasema ndani kwa ndani, Emilian, ndivyo ilivyokuwa?"

Watu wamekuwa wakimwita Mama Doreen jasiri kwa sababu ya siku ile. Yeye alilikataa neno hilo. Alisema, "Jasiri gani? Nilijikojolea. Nilikojolea kiti cha watu." Na alikuwa akisema hivyo anacheka mpaka anajishika mbavu.

Kutoka ng'ambo ya barabara tembo mmoja akalia. Lile dume likainua kichwa. Likaondoka. Lilikanyaga dirisha lililoanguka, likaingia kwenye ukungu, likapotea.

Walikaa vile vile. Mwishowe mzee Clemensi akataka kuwasha gari, mikono ikamkataa. Hakuweza kuushika ufunguo. Ufunguo aliuzungusha Mama Doreen.

Nilimuuliza mzee Clemensi, wewe ulikuwa dereva wa watalii, tembo umewazoea. Akanijibu hivi: "Niliwazoea nikiwa juu, ndani ya gari kubwa la chuma. Siku ile nilikuwa chini ya tumbo lake. Mimi ndiye ningetuua wote wawili. Mpaka leo nina alama za kucha za Mama Doreen hapa mkononi."

Dirisha jipya Mama Doreen alilishona hapa mjini, nyuma ya soko. Siku ya harusi mvua ilinyesha vizuri sana. Dorkasi alifika kanisani Rhotia mkavu, na shela lake kavu. Fundi hakuwapo kwenye msafara. Alikuwa nyumbani, mlango ameufunga kwa ndani.

Wasikilizaji, ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo woga ulimwisha. Haukumwisha. Uliongezeka. Breki za lori zikitoa pumzi karibu na soko, alitupa kazi chini. Usingizi ulimkimbia. Oldeani hakupanda tena mpaka anafariki. Ila hakuna tena aliyemcheka. Na kila Jumapili baada ya ibada Dorkasi alikuja kukaa naye, yeye na mumewe, na baadaye na mtoto.

Siku zake za mwisho hospitalini aliomba pazia la kitanda lisifungwe, awaone watu. Doreen alikuwa naye. Anasema, "Mama aliniambia, Doreen, naogopa. Nikamwambia, hata mimi, mama. Akasema, basi tuko wawili. Akalala."

Lukresia Emilian. Mama Doreen. Fundi wa turubai.

Kwa niaba ya wote hapa studio, tunakupa pole wewe Doreen. Pole kwa ukoo mzima Rhotia, na kwa shemeji zake kule Oldeani. Pole mzee Clemensi, pole Dorkasi. Pole kwa mafundi wote wa nyuma ya soko, ambao wiki hii wamefanya kazi huku cherehani moja imefunikwa. Mungu amlaze mahali pema.

Nawaachia jambo la kutafakari. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale waliomshangaa kwa kutokwenda msibani. Wengi wetu tulimwona mama huyu akigeuza kiti, na hakuna aliyemuuliza anaona nini kule barabarani. Mtu akikwambia anaogopa, usimpime. Kaa naye.

Na ninyi mlio kando ya msitu, Oldeani, Rhotia, mpaka kule Baray: mahindi yanakomaa sasa hivi. Kuna vibanda vitakavyokaliwa usiku wa leo. Jua halijazama bado. Nenda kwa jirani yako, mwite kwa jina, mwende wawili.