Kola ya Kushukuru Maji

Aliyeniambia kwanza ni wifi yangu Yebu. Alikuja mbio, kitenge kinamponyoka, akasema, "Mama Kema, bomba la njia panda linatoka maji!" Nikadhani ananitania. Bomba lile nililikuta kavu nilipoolewa mtaani hapa. Watu walilianikia nguo na kulifungia mbuzi. Maji tulichota kisima cha bondeni, na mvua zilizopita maji hayo yalimharisha mwanangu mpaka macho yakaingia ndani. Nikajitwika karai langu la akara, zile bagia za kunde, nikaenda mahali pangu pa kuuzia, kando ya benchi la wanaume wanaokunywa ataya, ile chai kali inayochemshwa mara tatu kwa majani yale yale. Ilikuwa kweli. Maji yalitoka maangavu, yana nguvu, yanaruka juu ya mawe. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walisogea taratibu, kama wanaokwenda kumwona bibi harusi.

Pa Momoh, mhunzi mzee, alikuwa amevua kofia. Kushoto kwake alikaa Redio, fundi anayesema kuliko redio anazotengeneza. Kulia alikaa Sheria, ambaye aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi na hajapona mpaka leo.

Pa Momoh akaweka kola, ile kokwa chungu ya kutolea shukrani, katikati ya benchi, imefungwa kwenye jani.

— Mtu akikutendea jema, asubuhi unakwenda kwake kumwambia asante. Ndivyo tulivyolelewa. Sasa semeni, kola hii inakwenda mlango gani?

— Kwa waziri, Pa, akasema Redio, akimimina ataya ya kwanza kutoka juu mpaka povu likafura. Alipita hapa na gari mwezi wa Ramadhani. Nilimwona akilitazama hili bomba.

— Vioo vilikuwa vyeusi, akasema Sheria. Ulimwonaje?

— Gari lilipunguza mwendo, bwana.

— Lilipunguza kwa sababu ya shimo! Ushahidi huo haupokelewi.

— Na diwani je? akauliza Pa Momoh. Si tulimpigia kura juzi juzi tu?

Wakacheka wote wawili.

— Mama Finda? akasema Redio. Pa, diwani ni wa misiba na arobaini. Mtu akifa, alete gunia la mchele. Mtoto akipewa jina, aje acheze. Maji ni mambo ya wakubwa.

— Mimi namngoja anilipie ada ya binti yangu, akasema Sheria. Kura yangu ilikuwa ya ada. Maji mimi sikumwomba.

Ataya ya pili ikazunguka. Maji bado yalikuwa yanatoka. Kila mtu aliyapa jicho kila mara, kama yangeweza kuondoka tukizubaa.

— Haya yametoka ng'ambo, Sheria akaanza tena. Kuna bomba limepita chini ya bahari. Huko wana maji mpaka yanawakera.

— Yangekuwa na chumvi.

— Wameyachuja njiani!

— Acha zako! Ni mwezi, akasema Redio. Hamkuuona juzi ulivyokuwa mkubwa? Umesogea karibu, umeyavuta mlimani. Ukirudi nyuma na yenyewe yanarudi, kwa hiyo choteni.

Wala hakuinuka kuchota.

Pa Momoh akasema kwa sauti ndogo:

— Babu yangu alisema chini ya mtaa huu amelala mwenye mto, mzimu wa maji. Labda amegeuka ubavu tu.

Hapo hakuna aliyecheka. Hata mimi nikasahau kugeuza, na akara zikaanza kuungua.

Ndipo akafika mwanamke wa rika langu, miguu imejaa vumbi, ndoo tupu kichwani, mtoto mgongoni.

— Hamjambo, baba zangu. Mimi ni Isata, natoka mtaa wa juu. Nimesikia, nikaja kuona.

Aliyagusa maji kwa kidole kwanza, kama anayejaribu uji wa moto.

— Kwetu bomba kama hili bado kavu, na huyu wa mgongoni anaharisha. Nyinyi mlimwambia nani?

— Tulimwambia... Redio akaanza. Akamtazama Sheria. Sheria akamtazama Pa Momoh. Pa Momoh akaitazama kola. Ataya ya tatu ilikuwa imekaukia kwenye birika, na hakuna aliyeigusa.

Mimi niliinamia karai. Siku moja kabla ya kiangazi, Mama Finda alisimama kwangu kununua akara, peke yake, akaniuliza, "Mama mdogo, hapa mnataka nini?" Sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote. Niliyajibu mafuta, si yeye: "Maji." Akashukuru, akaenda zake. Nilidhani ni maongezi tu. Sijui kama ndiyo yaliyoleta haya maji. Labda na wengine walisema. Lakini niliyatazama yale maji, nikajiuliza. Neno lililosemwa chini chini namna ile laweza kuingia ofisini likatokea bombani?

— Jamani, mlimwambia nani? Isata akauliza tena, polepole.

Mbele ya wanaume sikuweza kusema. Nikamjazia ndoo, nikamnong'oneza arudi alfajiri. Pa Momoh aliniona.

— Mke wetu, kumbe wewe unaujua mlango?

Nikaitikia kwa kichwa. Akanikabidhi kola, akavaa kofia yake.

Asubuhi mimi na Isata tulimkuta Mama Finda anafagia ua wake. Nikapiga goti, nikampa kola kwa mikono miwili, nikasema asante kwa maji. Ufagio ukamponyoka.

— Yanatoka kweli? akauliza. Mpaka sasa yanatoka?

— Yanatoka, mama.

Akafunika mdomo kwa mkono. Kisha akaipasua kola, akampa kila mmoja wetu kipande. Nikautafuna uchungu ule, nikamsogeza Isata mbele.

— Huyu ni wa mtaa wa juu, nikasema, nikimtazama Mama Finda usoni. Ana neno lake.