Aliyegundua Kosa la Chumba Namba Tisa

Mama yetu mpendwa alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi wa breki za mabehewa na mshonaji wa sare za shule. Treni zilipita hatua chache kutoka kitandani, kwa hiyo watoto wa nyumba ile walizoea kupiga kelele hata wakiomba chumvi. Yeye peke yake alisubiri treni ipite, kisha akasema neno lake polepole, nalo likasikika lote. Sauti hiyo ilimpatia kazi ya maisha yake, na baadaye ikamtia matatani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, na sekondari hadi 1969. Mwalimu wake wa hesabu aliandika katika ripoti kwamba mwanafunzi huyu “anabishana na majibu yaliyo nyuma ya kitabu.” Baba yake alimwita ajieleze.

“Baba, jibu la swali la kumi na nne limekosewa.”

“Wewe na waliochapa kitabu, nani amesoma zaidi?”

“Wao, baba. Lakini limekosewa.”

Alikatazwa kutoka nje wiki mbili. Muhula uliofuata shule ikapokea karatasi ya masahihisho kutoka kwa wachapaji, na swali la kumi na nne lilikuwamo. Hakuna aliyemwomba radhi. Mwaka 1972 alitunukiwa cheti cha ufundi wa kupima umeme wa ubongo, na tarehe 3 Januari 1973 akaajiriwa katika hospitali ya rufaa, wodi ya magonjwa ya neva.

Huko ndiko alikokutana na baba yetu, fundi majokofu, aliyeitwa mwaka 1975 kutengeneza jokofu la dawa. Alilitengeneza mara tatu katika mwezi mmoja. Uongozi wa hospitali umekuwa ukijiuliza tangu wakati huo lilikuwa na ugonjwa gani. Leo baba ameruhusu tuseme kwamba halikuwa na ugonjwa wowote baada ya mara ya kwanza. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1988 daktari mkuu wa wodi, ambaye wote walimwita Bingwa, alianzisha utafiti wa kumbukumbu katika chumba namba tisa, kilichokuwa stoo ya mashuka. Wagonjwa wa kifafa waliokuwa hawasaidiwi na dawa waliwekewa nyaya nyembamba ndani ya ubongo, ili wapasuaji wajue kifafa kinaanzia sehemu gani. Walisubiri kitandani siku kadhaa, na waliokubali kwa hiari yao walishiriki utafiti. Mama aliwasomea orodha ya maneno kumi na mawili: kijiko, daraja, punda, ndoo, na kuendelea. Wakahesabu kinyumenyume dakika moja wasipate nafasi ya kuyarudia kimoyomoyo, kisha wakataja waliyoyakumbuka. Katika baadhi ya orodha, sanduku lililokuwa nyuma ya pazia lilipitisha kwenye nyaya zile umeme mdogo ambao mgonjwa hakuuhisi. Swali lilikuwa moja: ubongo ukichochewa hivyo, je, unakumbuka zaidi? Miaka sita mfululizo jibu lilikuwa ndiyo. Orodha zenye umeme zilikumbukwa kwa maneno mawili zaidi, na Bingwa akawa mtu wa viwanja vya ndege, akialikwa mikutano ya mbali.

Mtaani mama akabandikwa jina la Mama Orodha. Mke wa seremala, jirani yetu, alimvizia getini.

“Mama Orodha, nisaidie mwenzio. Mume wangu kila mwaka anasahau siku tuliyooana. Mpige shoti kidogo tu.”

“Sipigi watu shoti, shoga. Mimi nasoma maneno.”

“Basi msomee hilo neno huku umeshika waya!”

Mwezi Mei 1994 alilazwa mgonjwa mmoja, mama fundi cherehani, mtu asiyeficha lililo moyoni. Siku ya tatu ya kusomewa alimkatiza mama katikati ya neno.

“Dada, nikuulize. Mbona orodha nyingine unanisomea kama unambembeleza mtoto alale, na nyingine kama unanidai kodi ya nyumba?”

Mama alicheka. Halafu akaacha kucheka.

Kwa kanuni za utafiti, hakutakiwa kujua orodha ipi ina umeme. Lakini sanduku lile, kila lilipowaka, lilitoa mlio mdogo, “ti”, kama kifungo cha mkoba. Miaka sita mama alikuwa ameusikia bila kuutilia maanani. Na kwa kuwa alikuwa na huruma, aliposikia “ti” moyo wake ulimwambia kuna mtu anaguswa ubongo, naye akapunguza mwendo na kulainisha sauti. Alichukua likizo yake ya mwaka, akaazima saa ya mwalimu wa michezo, akaketi mezani na kaseti arobaini zilizorekodi usomaji wake. Baba alipika siku kumi na nne, jambo ambalo sisi watoto tunalikumbuka bila msaada wa umeme wowote. Orodha zenye “ti” zilisomwa kwa wastani wa sekunde thelathini na moja. Zisizo nayo, ishirini na nne. Waliokumbuka zaidi walikuwa wamesomewa vizuri zaidi.

Aliandika kurasa mbili, akazipeleka kwa Bingwa mwenyewe. Alikuwa na watoto watatu shuleni, na alijua anahatarisha nini.

“Mama,” Bingwa alimwambia, “mwezi ujao nahutubia mkutano mkubwa. Kazi yako ni kusoma orodha.”

“Ndiyo, daktari. Na nimeisoma vibaya miaka sita.”

Wiki iliyofuata alihamishiwa sehemu ya dobi, kuhesabu foronya. Alizihesabu miaka miwili. Jioni akirudi, baba alimuuliza, “Leo vipi?” naye akajibu, “Foronya hazina hitilafu.”

Mwaka 1996 daktari mwanamke aliyepewa chumba namba tisa alizikuta zile kurasa mbili kwenye droo. Alimrudisha mama, wakarekodi maneno yote kwa mwendo mmoja, wakaanza upya. Yale maneno mawili ya ziada yakatoweka. Wagonjwa wengine walikumbuka pungufu umeme ulipopita. Ilibidi maabara ile ianze tena kuuliza swali lake, safari hii kwa adabu. Taarifa ilichapishwa mwaka 1997 kwa jina la Bingwa, aliyekuwa bado mkuu wa wodi, ikisema kwamba “hitilafu ya usomaji iligunduliwa.” Iligunduliwa! Kana kwamba hitilafu ilijigundua, ikavaa viatu, ikaenda kubisha hodi ofisini.

Mama alistaafu tarehe 31 Machi 2006. Jambo hili hakulipigia kelele, lakini nakala ya taarifa ile aliiweka kwenye kabati la vyombo, na kila mgeni msomi alionyeshwa mstari huo na kuulizwa, “Na nani?”

Moyo wake ulianza kumsumbua mwaka 2021. Alipolazwa Mei mwaka huu wa 2024, daktari wa zamu alimtajia maneno matatu ili apime kumbukumbu yake. Mama akamwinulia mkono. “Binti yangu, neno la pili umelivuta kuliko mengine. Anza upya.” Daktari akaanza upya. Mama aliyataja yote matatu. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni, saa tano na dakika ishirini asubuhi, baba akiwa amemshika mkono.

Hospitali ilituletea maneno ya kuchapa humu, yakimtaja kuwa “msaidizi mwaminifu mwenye sauti nzuri.” Familia iliyarudisha. Jumatano Bingwa akaja mwenyewe nyumbani, kwa magongo mawili, akaketi karibu na baba. Baba hakumzungusha.

“Daktari, nani aligundua?”

“Ni mkeo.”

“Ulijua lini?”

“Siku ile ile aliyoniletea.”

“Basi andika, mzee mwenzangu. Mimi mikono yangu ni ya majokofu.”

Aliandika pembeni mwa karatasi ile iliyorudishwa, nasi tunayachapa kama yalivyo: “Kosa la utafiti wangu liligunduliwa na marehemu, Mei 1994. Alikuwa sahihi. Nilimhamisha kwa sababu alikuwa sahihi.” Leo ameketi safu ya tatu, na tunamshukuru kwa kuja.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, ambao mkubwa wao ndiye anayesoma wasifu huu, wakwe wawili, wajukuu saba, kaka mmoja na dada mmoja.

Mungu ampe mapumziko mema mgunduzi wetu.