Maîtresse Blandine, mwenye cahier ya mvula

Bandugu, bajirani, na weye mwenye ulikuwaka mu classe yake na ungali unaogopa kuchelewa: leo tuko tunamusindikiza Maîtresse Blandine Kapya Kilufya. Kama ni yeye angepanga hii mazishi, ingeanza saa ile yenye imeandikwa ku programme, na benye bamechelewa bangekuwa inje banaokota bikaratasi.

Alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu 1958 ku mission ya Kapolowe, mutoto wa tatu wa Tata Alphonse na Mama Suzanne, bote balimaji. Tata Alphonse alikuwa anapanda mahindi kwa kuangalia mawingu tu. Mama Suzanne alikuwa anamuchekea: "Angalia muzuri, Alphonse. Mawingu nayo iko inakuangalia weye." Kablandine kadogo kalikuwa katikati yabo, kanahesabu ku vidole siku zenye mvula imekawia.

Alisoma primaire ku Kapolowe. Mu 1971 alikuya Likasi kwa yaya, ndugu yake mukubwa, mu Kikula, akasoma pédagogie, akapata diplôme d'État mu 1977. Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, alianza kufundisha ku masomo, école moja ya primaire pale pale Kikula, na hakutoka mupaka kupumzika ku kazi, retraite, 2023. Miaka makumi ine na tano! Iko bantu hapa: alibafundisha bo, akafundisha batoto babo, akaanza na bajukulu. Kila mutoto wa bale ba zamani, Maîtresse alimuambia neno moja: "Unafanana na baba yako, lakini weye tutajaribu."

Tarehe 8 mwezi wa nane 1981 alifunga ndoa na Germain, fundi wa courant ya umeme ku usine. Bakazala batoto batatu: Eddy, Laure na Casimir. Tata Germain njo alilomba hii habari isomwe. Asubui moja anatosha inje kinga, baiskeli yake ya kwendea ku kazi, anakuta dynamo ya taa haiko.

"Blandine, dynamo yangu iko wapi?"

"Iko ku masomo."

"Inafanya nini kule?"

"Inasoma. Itapata diplôme mbele ya Casimir."

Casimir alikuwa anarudilia classe ule mwaka. Pole, tonton Casimir, ni Maîtresse alisema, si miye.

Dynamo ile ilifungwa ku mabawa yenye kukatwa mu bidon ya mafuta, na mupepo ya Kikula ikawasha kataa kadogo ka classe. Ilikuwa 2012. Mvula ilikawia sana, batoto bakauliza juu ya nini. Maîtresse alibaelezea moshi, joto, miti yenye inakatwa juu ya makala ya kupikia. Kisha akasema: "Apana kuniamini bure. Tupime." Bakakata chupa ya plastiki, bakaweka règle ya kupimia pembeni, bakaanza cahier ya kuandika mvula ya kila siku, Noël ndani, congé ndani. Njo vile club ya mvula ilizaliwa. Bakatengeneza fourneau, jiko ya jua, na carton na karatasi ya aluminium. Mayai ya kwanza ilikawia masaa matatu. "Makala ngapi tumechoma?" aliuliza. "Zéro, Maîtresse!" "Basi mukule polepole."

Mu mwezi wa sita 2014, Deborah, mutoto wa classe wa miaka kumi, aliandika mu cahier: milimita tisa. Mwezi wa sita! Katanga nzima iko kavu, na chupa inasema mvula. Batoto bakacheka mupaka chini. Bakatafuta, bakakuta Mama Martine, jirani, alianika mashuka ku kamba juu ya chupa, ikatonya busiku muzima. Na kesho yake inspecteur alikuwa anakuya. Deborah alishika gomme.

"Apana kufuta," Maîtresse alisema. "Andika pembeni: mashuka ya Mama Martine."

"Inspecteur atatucheka!"

"Acheke. Lakini atajua namba zingine zote ni za kweli."

Inspecteur alisoma, akanyanyua macho. "Maîtresse, mvula ya mashuka?"

"Ndiyo, Monsieur l'inspecteur. Ile ingine yote ni ya Mungu."

Mu groupe ya famille ku WhatsApp, "bonjour" yake ilikuwa namba ya mvula. "12. Mwenye analala, aamuke." Mujukulu wake Rolly alimujibu siku moja: "Nkambo, shiye tuko na application ya météo. Leo ni jua." Nkambo akaandika: "Toka inje." Rolly alitoka. Photo ya Rolly mwenye kulowana njo ilikuwa profil ya groupe mwezi muzima.

Tangu 2024 ugonjwa ya sukari ilimulegeza. Miguu ilikatala kumubeba, lakini kila asubui, mbele ya kuuliza dawa, aliuliza: "Milimita ngapi?" Kitu moja tu ilikuwa inamusumbua. Alimushika Deborah mukono, Deborah mwenye sasa ni maîtresse wa hii club: "Cahier isikatike. Siku moja ikikosa, utaniambia."

Alituacha Ijumaa tarehe 9 mwezi wa kwanza 2026, saa mbili ya asubui, mu nyumba yake, mukono wake mu mukono ya Tata Germain. Siku ile mvula ilinyesha sana. Batoto bote ba club balikimbilia ku nyumba. Hakuna mwenye alipima.

Kesho yake, Jumamosi, bakakuta chupa imejaa mupaka inamwangika, hakuna wa kujua ngapi ni ya Ijumaa. Deborah alifungua cahier. Miaka kumi na tatu na zaidi bila kukosa siku, na pale, mustari moja mweupe.

"Yaya Deborah, tuandike makumi tatu," batoto bakasema. "Nani atajua?"

Deborah alishika bic. Kisha aliandika, na njo vile iko mu cahier, kila mutu anaweza kuona: "Ijumaa 9. Hatukupima. Tulikuwa tunamulilia Maîtresse."

Anaacha bwana yake Germain. Batoto Eddy, Laure na Casimir. Bajukulu saba, Rolly akiwa wa kwanza na wa kulowana. Batoto makumi mbili na moja ba club. Na dynamo moja yenye Tata Germain amesema hatairudisha ku kinga.

Lala salama, Maîtresse, Mungu akupokee mu raha yake. Leo, Jumanne tarehe 13: milimita sita. Imepimwa.