Uzi Mkononi mwa Petkana Garkova

Marehemu Petkana Mincheva Garkova alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1940 katika kijiji cha Radevtsi, karibu na Tryavna, akiwa mtoto wa kwanza wa Mincho na Dona. Baba yake alitaka mtoto aitwe jina la nyanya yake. Padri alimkatalia, akasema siku hiyo ni ya Mtakatifu Petka, kwa hiyo mtoto amekuja na jina lake mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, kisha akapelekwa Gabrovo kujifunza uokaji. Alihitimu mwaka 1957 na kuajiriwa katika kiwanda cha mikate cha Tryavna, alikofanya kazi kwa miaka thelathini na minane. Wengi wenu mliopo hapa mmekua kwa mikate yake.

Machi 1961 walifika mjini watu wa filamu kutoka Sofia. Filamu yao iliitwa *Unga Mweupe*. Ilisimulia juu ya binti wa mwokaji wakati wa vita, aliyempenda kijana wa Kiyahudi aliyelazimishwa kuvunja mawe barabarani. Sheria ya wakati ule iliwakataza kuoana, hivyo binti alimpelekea barua zilizofichwa ndani ya mikate. Tatizo ni kwamba mwigizaji mkuu hakujua kukanda. Unga ulimnata hadi viwiko.

"Huyu anakanda au anapigana?" mwongozaji alifoka.

Petkana, aliyekuwa ameleta gunia la unga, aliangua kicheko.

"Wewe unayecheka! Nawa mikono, njoo hapa."

Ndivyo mikono yake ilivyoingia kwenye filamu. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa na uzi mwekundu na mweupe, ule tunaofungana sote tarehe mosi Machi na kuuvaa mpaka tuone ndege korongo aliyerudi baada ya baridi au mti uliochanua, ndipo tunaufunga kwenye mti. Mshona nguo alimwambia auvue, kwa sababu tukio lile lilikuwa la Oktoba.

"Kwenye filamu yenu ni Oktoba, dada," alijibu. "Kwangu ni Machi, na korongo sijamwona."

Waliafikiana aufiche chini ya mkono wa gauni. Alipoanza kukanda, mkono wa gauni ulipanda, uzi ukatokeza.

Kosa hilo liligunduliwa na mtu mmoja tu. Lyuben Garkov, msaidizi katika chumba cha kukatia filamu kule Sofia, aliajiriwa hasa kwa ajili ya kugundua makosa kama hayo. Aliuona uzi na kunyamaza. Mwezi Mei alipanda treni hadi Tryavna, akaingia kiwandani akiuliza mwenye uzi. Wakati huo korongo walikwisha kuja na kila mtu alikwisha kuufunga uzi wake kwenye mti. Wanawake kumi na wanne walimwinulia mikono yao mitupu.

"Chagua mwenyewe, kijana!"

Aliwaomba wakande. Alimtambua Petkana kwa namna alivyosukuma donge kwa kifundo cha mkono wa kushoto.

"Umetoka Sofia kuja kuangalia viganja?" Petkana alimwuliza. "Haya, umeviona. Treni ya kurudi ni saa kumi na moja."

"Nitaikosa," alisema Lyuben.

Aliikosa kweli. Walifunga ndoa tarehe 18 Februari 1962. Lyuben aliacha kazi ya Sofia na kuwa mwendesha mashine ya sinema hapa mjini. *Unga Mweupe* yenyewe ilionyeshwa wiki tatu tu, kisha ikafungiwa kabatini bila sababu kutolewa. Walijaliwa watoto wawili, Doncho na Rumena. Kila tarehe mosi Machi, Lyuben alikuwa wa kwanza kumfunga mkewe uzi, hadi alipofariki mwaka 2009.

Mwaka jana filamu ilitolewa kabatini ikakarabatiwa. Fundi wake, Bwana Yasen, alimpigia simu kwa furaha. "Bibi, sasa iko safi kama mpya! Tumeondoa mikwaruzo, vumbi, hata kale kauzi kwenye mkono."

Bibi yetu alikata simu. Kesho yake alivaa koti lake la sherehe, akapanda treni hadi Sofia akiwa na sinia ya banitsa, mkate wa tabaka nyembamba wenye jibini.

"Lakini lile ni kosa, bibi," Yasen alimweleza huku akila. "Hakuna anayevaa uzi Oktoba. Watu watatucheka."

"Mwanangu, kosa hilo lina watoto wawili na wajukuu watano. Ukilifuta, sisi tutakwenda wapi?"

Yasen aliacha kutafuna. Aligeukia kompyuta yake, akaurudisha uzi.

Tarehe 12 Novemba 2023 filamu ilionyeshwa katika ukumbi wetu wa Tryavna. Mikono ilipotokea, ukumbi mzima ulisimama ukipiga makofi. Marehemu alinong'ona kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni: "Unga wenyewe ulikuwa mbaya."

Moyo wake ulianza kudhoofu Januari mwaka huu. Tarehe mosi Machi alifungwa uzi akiwa hospitalini, na muuguzi alipotaka kuufungua ili aweke sindano, alimnyoshea mkono mwingine. Tulimwonyesha mplamu uliokwisha kuchanua dirishani. "Maua hudanganywa na jua la siku mbili," alisema. "Mimi namngoja korongo." Alifariki kwa utulivu Jumatatu, tarehe 18 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu.

Leo asubuhi padri aliuliza kama uzi uvuliwe. Shangazi Rumena alimjibu, "Baba, bado hajamwona." Kwa hiyo ameondoka nao.

Marehemu ameacha watoto wawili, Doncho na Rumena. Mdogo wake, Todorka. Wajukuu watano na kitukuu mmoja. Na mikono yake miwili, ambayo sasa yeyote anaweza kwenda kuitazama ikifanya kazi.

Familia ina ombi moja. Atakayemwona korongo wa kwanza mwaka huu, tafadhali apite hapa kaburini amwambie. Mikono yake ipumzike kwa amani.